SALAMU MOJA KWA MUHULA

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo sote tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi. Mimi maana yake nimeionea nyumbani, kwa kakangu mdogo mwenye umri wa miaka 8. Ana usonji.

Usonji hauambukizi. Si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Ubongo wa mtoto hukua kwa namna tofauti, hata kuzungumza na kuchangamana na watu kukawa kazi ngumu. Kakangu anazijua nambari za matatu zote za steji yetu, lakini mgeni akimsalimu ghafla huziba masikio akakimbia.

Mwaka jana mwalimu wake wa kitengo maalum aliwaita wazazi. Nyanya, mjomba na mimi tukafuatana nao. Akauliza tungependa mtoto ajifunze nini muhula huo. Mjomba akadakia, "Awe na marafiki kama watoto wengine!"

"Marafiki wangapi, mzee? Na tutajuaje amewapata?" mwalimu akauliza.

Kimya! Baba alikuna kichwa tu.

Mwalimu akatufafanulia. Lengo liwe dogo, la kuonekana kwa macho. Lianzie pale mtoto alipo, si pale umri wake unapodai. Liwe na muda na hesabu. Zaidi ya yote, limfae yeye mwenyewe, lisiwe la kutuondolea sisi aibu.

Basi tukachagua mawili. La kwanza, akifika dukani aseme "habari" au apunge mkono kabla ya kuomba mkate, mara 3 kati ya 5. La pili, kelele zikimzidi atoe kadi yenye picha ya mlango badala ya kujiuma mkono. Mjomba alitaka pia amtazame mtu machoni. Nyanya akamkatiza, "Wee! Tangu lini mtoto mwenye adabu akamkodolea mkubwa macho?" Mwalimu alimuunga mkono. Alisema wengi wenye usonji hutaabika kumtazama mtu na kumsikiliza kwa wakati mmoja. Lengo hilo likafutwa.

Kila jioni nilitia alama daftarini. Wiki ya kwanza sufuri, ya pili sufuri. Wiki ya tano, mara moja. Muhula ulipofungwa, alikuwa amefikisha 3. Na ile kadi je? Mama alikuwa ameacha kabisa kwenda harusini. Desemba alikwenda na kakangu. Kadi ilitolewa mara 2, wakatoka nje, wakapumua, wakarudi. Mama alikula pilau mpaka sahani ikaisha!

Marafiki? Yupo mtoto mmoja wa jirani. Hupanga vifuniko vya soda pamoja bila kusema neno. Mjomba asema huo si urafiki. Lakini ikifika saa kumi jioni, kakangu huwa langoni akimngoja.

Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuwaelimisha watu kuhusu usonji. Sisi tusingoje Aprili. Ukimsalimu mtoto kama huyu, usirudie upesi wala usimcheke. Hesabu kimoyomoyo hadi 10. Huenda jibu liko njiani.