Skrini ya Jana

Wengi mnanijua kama yule jamaa wa uhandisi asiyeonekana kwenye mikutano ya chama. Leo niwaeleze nilikokuwa.

Nilikuwa natengeneza programu ndogo ya kuandikia maandishi, ya kutumia mwenyewe. Nilidhani kazi ni kutunza maneno. Kumbe kilichonitoa jasho ni swali la kitoto: dirisha lichorwe upya lini?

Kwanza niliamuru lichorwe kila kitu kinapobadilika. Siku moja nikabadilisha neno lililotokea mara 2,000 kwenye faili. Likachorwa mara 2,000! Skrini ikawa inapepesa kama taa umeme ukiwa mdogo.

Nikageuza: lisichorwe mpaka mtu aache kubonyeza. Raha tupu. Lakini usiku mmoja nilishikilia kitufe cha kufuta, mistari naiona bado ipo, nami nakandamiza tu. Nilipoinua kidole, kurasa mbili za tasnifu yangu hazipo. Nakala niliyokuwa nayo ni ya wiki iliyopita.

Waliotutangulia walishapita hapo. Bill Joy alipoandika vi alitumia modemu ya biti 300 kwa sekunde, yaani herufi kama 30. Skrini ya mistari 24, kila mmoja herufi 80, ni herufi 1,920. Kuichora yote ni zaidi ya dakika moja. Ndiyo maana kwenye mitambo ya polepole, vi ikifuta mstari iliweka alama ya @ tu mahali pake. Haikuchora yote, lakini haikukuficha kwamba mstari umekwenda. Emacs nayo humaliza kwanza ilichoagizwa, kisha huchora wakati inakungoja ubonyeze tena.

Basi nikachanganya. Badiliko linaweka alama tu. Kuchora ni pale vitufe vilivyobonyezwa vinapokwisha kushughulikiwa. Lakini zikipita milisekunde 50, inachora hata kama mtu bado anabonyeza.

Asubuhi baada ya kupoteza zile kurasa, mama alipiga simu. Nikamwamkia. Akauliza, "Mwanangu, si ulisema bado mwezi mmoja?" Kweli nilisema, miezi mitano nyuma, na sikusema tena. Nilitaka nimpigie nikishamaliza. Kumbe yeye alikuwa akitazama skrini ya zamani na kupanga mambo juu yake.

Nikamwambia ukweli: labda mwakani. Akanyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Ungeniambia mapema, baba. Nimeshamlipa mwenye mbuzi."

Jamani, nyumbani hawahitaji kila herufi tunayoibadilisha huku. Ila tusingoje mpaka tumalize ndipo tuwaonyeshe. Sasa nampigia kila Jumapili, hata kama sina jipya. Mbuzi, nasikia, amezaa.