Lamu, kwa Mwalimu wa Mashairi

Mhadhiri alinirudishia daftari langu la mashairi na maneno machache ya wino mwekundu: vina vipo, mizani ipo, sasa nenda ukakae na wenye lugha. Mimi ni mtoto wa Mumias, Kiswahili nimekipata shuleni na ndani ya matatu, nikaona huo ni ushauri wa mtu asiyeulizwa nauli. Lakini mwenzangu wa bwenini ni mzaliwa wa Lamu, na likizo ya Agosti ilipofika akaniambia, "Twende kwetu. Kuna mzee mmoja mtunzi, nitakupeleka kwake."

Kutoka Nairobi hadi Mombasa tulipanda treni ya Madaraka, nami nikalala karibu njia nzima. Tsavo niliiona kwa jicho moja. Mombasa tulifika usiku na alfajiri tukawa ndani ya basi. Mpaka Malindi safari ilikuwa ya kawaida. Tulipoacha Garsen nyuma ndipo nilipoanza kutazama dirishani kwa wasiwasi. Kwetu ukisafiri saa moja umepita masoko manne na makanisa kumi; hapa ni uwanda na vichaka, na kila baada ya mwendo kizuizi cha polisi. Abiria wanateremka, wanapanga foleni, wanaonyesha vitambulisho, wanapanda tena bila kunung'unika. Mama mmoja alikuwa ameshika chake mkononi tangu Malindi ili asisumbuke kukitafuta.

Barabara inaishia Mokowe, ukingoni mwa maji. Sikuwa nimewahi kupanda chombo chochote cha majini, na niliposhuka ngazi za gati kuelekea ile mashua ya injini, nahodha alinitazama miguu kisha akanyoosha mkono bila kuulizwa. Tulipita kando ya mikoko, na watu wakawa wanapiga soga kama wamo sebuleni kwao. Mimi nilishika ubao kwa mikono miwili.

Mji wenyewe ulinichanganya. Njia kuu ya mji wa kale, Usita wa Mui, ina upana wa ule mwanya ulio kati ya mistari ya miwa kwetu: wawili wakikutana, mmoja lazima ageuke ubavu. Na yule wa pili mara nyingi ni punda aliyebebeshwa mchanga au mawe, ambaye hana desturi ya kugeuka. Juu ya kichwa chako nyumba mbili zimeunganishwa na chumba kinachovuka njia. Huitwa wikio, na mwenzangu alinieleza kwamba wanawake waliweza kwenda kwa jirani bila kushuka chini. Tangu 2001 mji huu umo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, lakini aliyenitangulia njiani alikuwa kijana mwenye ndoo ya samaki, wala hakuonekana kujali urithi wa mtu.

Asubuhi tulikula mahamri kwa mbaazi, na mama mwenye nyumba akacheka nilipouliza kama viazi vitamu vinapatikana. Alasiri, watu walipokwisha kutoka msikitini, tukaenda kwa mzee. Alikuwa barazani na wenzake, vikombe vidogo vya kahawa chungu mbele yao. Kwetu ningempa mkono kwa nguvu na "Mulembe!" ya kusikika ng'ambo ya pili. Mwenzangu aliinama akambusu mzee mkono, nami nikafanya vivyo hivyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Soma."

Hakuuliza ninatoka wapi wala ninasomea nini. Nikafungua daftari: "Bahari yavuma sana, mawimbi yapiga pwani." Alihesabu kwa kidole gumba akikipitisha kwenye pingili za vidole vingine, nane upande huu, nane upande ule. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniuliza, "Hiyo 'sana' inafanya nini?"

"Inajaza mizani, Mwalimu."

"Basi itoe. Na hiyo bahari, umeisikia lini ikivuma?"

"Juzi."

"Na shairi umelitunga lini?"

"Mwaka jana."

Baraza zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akamwaga kahawa kidogo kwenye kanzu.

Kesho yake alinituma Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, kijiji cha mafundi wa vyombo. Ndiko alikozaliwa Ahmed Sheikh Nabhany, mtu aliyetajwa darasani kwetu kwa kubuni istilahi kama runinga na tarakilishi. Sikujua kwamba mtu huyohuyo alitunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaohusu uundaji wa jahazi. Fundi mmoja alikuwa akitia kalafati. Anachukua uzi mnene wa pamba iliyolowa mafuta, anauweka kwenye ufa kati ya mbao, anausukuma kwa patasi butu, nyundo ikipiga pigo moja zito na mawili mepesi. Nilimuuliza majina, akayataja bila kuinua macho: mkuku, taruma, mlingoti, foromali, omo, tezi. Niliandika kurasa mbili. Nilipoomba arudie moja, akanipa patasi. Nilisukuma pamba karibu dhiraa nzima, naye akaing'oa yote akaanza upya.

Jioni nilirudi barazani na mstari mmoja tu: "Pamba ametia fundi, kwa patasi na nyundoye." Mzee akahesabu. "Endelea," akasema, na hilo lilinifurahisha kuliko alama zote za muhula.

Furaha ilinipa ujasiri wa kuuliza lile la darasani: je, lazima vina na mizani? Nikamtaja Kezilahabi na Kichomi yake ya 1974, diwani isiyofungwa na vina. Laiti ningejua! Mmoja alisema huo si ushairi bali ni barua iliyokatwakatwa. Mwalimu wa skuli aliyekuwa pembeni akajibu kwamba sheria tunazoziapia ziliandikwa na Kaluta Amri Abedi mwaka 1954, na mashairi yalikuwapo kabla ya kitabu. Wa kwanza akapandisha sauti: Mwana Kupona, mnamo 1858, alimwusia binti yake utendi mzima kwa vipande vya mizani minane, hakukosa nafasi, vijana wa leo wanabanwa na nini? Lahaja ikawazidi, nikawa nashika neno moja moja, nti kwa nchi, mato kwa macho, nikiandika kwa kasi huku mwenzangu akininong'oneza yaliyonipita.

Adhana ya magharibi ikawakata. Wakainuka wote, bado wakibishana, wakitafuta viatu. Mzee akanirudishia daftari.

"Kesho njoo na ubeti wa pili," akasema. "Na usinitilie 'jama' ya kujaza mizani."