Pombe ya Myombekere

Sekondari tulikosomea, kila riwaya ilipita kwenye mizani moja: maudhui upande huu, fani upande ule. Dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi. Kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari. Mwisho kabisa huja kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi, kipengele tulichokipenda kuliko vyote, maana kilimpa kijana asiyeota ndevu ruhusa ya kumhukumu mtu mzima.

Ndivyo tulivyomhukumu Aniceti Kitereza. Mzee huyu wa kisiwa cha Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 alisubiri. Sisi tulishindwa kusubiri sura ya pombe iishe. Tukaandika kwamba msuko umelegea na mwandishi ameshindwa kuchuja mambo. Alama zilikuwa nzuri.

Kisa chenyewe ni hiki: Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mwanamke, wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anakwenda ukweni kuomba arudishiwe mke, naye anatozwa pombe ya ndizi. Kwa mizani yetu, pombe ingepatikana kwa sentensi moja, mke arudi, hadithi isonge. Kitereza hana haraka hiyo. Anaipika pombe, hatua kwa hatua, na njiani hakuna salamu anayoiruka.

Likizo moja, nikiwa tayari chuo kikuu, nilikwenda kwa mjomba wangu upande wa Bukoba. Alikuwa mpikaji wa rubisi maarufu kijijini, na macho yake yalikuwa yameshaanza kumsumbua, basi jioni nikawa namsomea riwaya hiyo. Sehemu za mahaba alizipokea kwa heshima tu. Tulipofika kwenye ndizi, akasogeza kigoda. Akataka kujua zimeivishwa vipi, mtama umetiwa lini. Mahali fulani alinikatiza: hawa wa visiwani wanaharakisha mno! Lakini swali alilolirudia kuliko yote lilikuwa, "Nani amekuja kumsaidia kukamua?"

Nikamuuliza kwa nini linamshughulisha hilo. Akanishangaa. "Mtu asiye na watu wa kumkamulia ndizi, mwanangu, arudishiwe mke akaishi naye na nani?"

Baada ya jibu hilo sikuweza tena kuisoma sura ile kama kuchelewesha hadithi. Wakwe hawakuwa na kiu. Walikuwa wanampima mkwe wao: ana majirani, ana subira, anajua kuomba msaada? Mwanamke alikuwa ameondoka kwa sababu ya midomo ya ndugu wa mume, kwa hiyo wazazi wake walikuwa na haki ya kutaka kuona ni watu gani wanaomzunguka. Msuko tuliosema umelegea ulikuwa umejificha ndani ya mtumbwi wa kukamulia.

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kutafuta waliokwisha kusema kwamba fasihi yetu isomwe kwa macho ya jamii yake. Walikuwepo. Mwaka 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walikitaka Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kivunje idara ya Kiingereza, ili fasihi ya Afrika, simulizi ikiwamo, ikae katikati. Euphrase Kezilahabi, naye mwana wa Ukerewe, aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Wisconsin mwaka 1985 juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Niliwasoma kwa furaha, ingawa mjomba alikuwa amenifikisha nusu ya safari.

Wanaosema "jicho la Kiafrika" kana kwamba ni moja hunichosha, hata hivyo. Rafiki yangu wa Pemba aliisoma riwaya hiyohiyo, pombe ikamkera. Yeye alishikwa na adabu ya mkwe mbele ya wakwe: wapi anakaa, anaongea na nani kwanza. Mimi nilikuwa nimeipita bila kuiona.

Sasa nafundisha. Mtihani bado unadai fani na maudhui, nami nafundisha fani na maudhui. Ila kwanza nauliza: mahali hapa, aibu ni nini, na nani mwenye haki ya kuitoza? Juzi tulikuwa na Shujaa Okonkwo, tafsiri ya ile riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, tukafika mwisho, pale watu wa ukoo wanapokataa kumshusha Okonkwo, aliyejinyonga, mtini na kuwaomba wageni wafanye hivyo. Darasa likasema ni ukatili. Binti mmoja akanyoosha mkono: kwao, aliyejinyonga hashushwi na ndugu, na mti wenyewe hukatwa. Mwenzake akamuuliza, je, na anayemlilia marehemu huyo, analilia wapi? Wakaanza kubishana kuhusu Obierika, rafiki yake Okonkwo: aliposimama pale chini ya mti na kumkaripia mzungu, je, hakuwa analia?