Mawe ya Bandia kwa Samaki wa Malawi

Ziwa Nyasa, ambalo Tanzania hulichangia na Malawi na Msumbiji, lina majabali yanayoshuka kutoka ufukoni hadi vilindini. Kandokando ya kisiwa cha Chizumulu, nchini Malawi, huishi mbuna, samaki wadogo wenye rangi za kupendeza. Hula mwani uotao juu ya mawe na kujificha katika mianya yake. Ni nadra mbuna kuvuka mchanga mtupu. Ndiyo maana miamba mingi ina aina zake yenyewe.

Tangu miaka ya 1960 mbuna wamepelekwa Ulaya na Marekani kufugwa majumbani katika matangi ya vioo. Kwa kuwa mawe halisi ni mazito na huweza kupasua kioo, wafugaji wengi huunda ya bandia. Huchonga plastiki nyepesi ya povu kwa kisu, kisha huipaka uji wa saruji tabaka baada ya tabaka. Tabaka za mwisho hutiwa rangi ya saruji: kijivu usoni, nyeusi mianyani, kahawia hapa na pale. Jiwe hulowekwa kwa majuma kadhaa, maji yakibadilishwa, hadi ukali wa chokaa uishe. Mwishowe hugandishwa chini ya tangi lisielee.

Jiwe laweza kuigwa. Samaki hawezi kuundwa. Chindongo saulosi, ambaye asili yake ni mwamba mmoja tu karibu na Chizumulu, alitangazwa mwaka 2018 kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, kwa kuvuliwa kupita kiasi ili akapambe matangi hayo.