Three Days of the Condor: Wasee Wanasema Inaboo, Mimi Nakataa

Lalamiko la kwanza huwa lilelile: "Hii muvi inaanza lini?" Tangu Robert Redford afariki Septemba 2025 nimewawekea watu Three Days of the Condor mara tatu, na kila mara kuna mtu anayetoa simu mfukoni kabla ya dakika kumi kuisha. Mara ya kwanza tulikuwa saba kwa keja yangu na projekta ya kukodi. Mara ya pili ilikuwa kwa mathe, Krismasi, anko akiwepo. Ya tatu ni mimi na cuzo wangu tu, kwa laptopu, stima ikipotea katikati. Nimesikia maoni ya kila aina, mengine yameniuma, kwa hivyo wacha niyajibu.

Tuanze na hizo dakika kumi. Filamu ni ya 1975, mwongozaji ni Sydney Pollack. Redford ni Joe Turner, jamaa aliyeandikwa na CIA, lakini si kazi ya bastola. Yeye husoma vitabu. Riwaya za upelelezi, hadithi za kutoka nchi nyingine, akitafuta kama kuna siri au mbinu ya kijasusi imejificha humo ndani. Jina lake la kazi ni Condor. Ofisi yao iko New York, na nje kuna kibao kinachosema ni chama cha fasihi. Siku hiyo amechelewa kazini, mvua inanyesha, na zamu ya kwenda kununua chakula cha mchana ni yake. Anapitia mlango wa nyuma ili asilowe. Anaporudi na mfuko wa chakula, wenzake wote wamekufa, pamoja na msichana aliyekuwa mpenzi wake.

Sasa ukiniambia hapo mwanzo hakuna kinachotendeka, nakuuliza: ungehisi nini bila hiyo dakika kumi? Ulishawaona wakitaniana. Unajua nani ni mkali, nani anapenda nani. Kisha bunduki zilizozibwa sauti zinaingia na mambo yanaisha karibu kimya. Muvi za siku hizi zingewaua katika dakika ya pili na wala usingekumbuka sura ya mmoja. Polepole ya hii filamu inakutayarisha kuumia.

Na halafu inakuja ile sehemu ambayo kwangu ndiyo filamu yenyewe. Turner anakimbilia kibanda cha simu na kupigia makao makuu. Anaambiwa atulie, atatumiwa mtu wa kumchukua, akutane naye kwenye kichochoro. Anaenda. Anayekuja kumchukua anamfyatulia risasi. Ndani ya CIA kuna watu wana mpango wao wa siri kuhusu mafuta ya Mashariki ya Kati, na Turner, kwa kusoma tu kitabu na kuandika ripoti, ameugusa bila kujua. Sasa niambieni, unapigia nani simu ikiwa namba ya dharura ndiyo inayokuwinda?

Waliokuwa kwa sinema mwaka 1975 hawakuhitaji kuelezwa hilo. Rais Nixon alikuwa amejiuzulu Agosti 1974. Desemba hiyohiyo gazeti la New York Times lilichapisha habari ya Seymour Hersh kwamba CIA ilikuwa ikiwapeleleza raia wa Marekani wenyewe, na mwaka uliofuata kamati ya Seneti chini ya Frank Church ikaanza kuchimba. Watu waliingia ukumbini tayari wana wasiwasi. Sisi tunaingia tukiwa na popcorn na wai-fai.

Anko alikuwa na maoni yake tofauti kabisa. Aliwahi kuwa fundi wa simu za mezani, na ilipofika pale Turner anaingia chumba cha mitambo ya simu na kuunganisha laini ili wanaomfuatilia wadhani yuko kila mahali, anko alisimamisha filamu. Akaeleza nyaya. Akaeleza jinsi mashine ya kuunganisha simu ilivyokuwa inalia. Dakika ishirini, nawaapia. Cuzo wangu akauliza, "Si angetupa tu laini anunue nyingine?" Anko alimwangalia kama mtu aliyetukana maiti.

Mathe naye anamjua Redford kutoka Out of Africa, ambayo mwongozaji wake ni huyohuyo Pollack, na ilipigwa hapa kwetu. Ilitoka 1985, ikachukua Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora. Kwa mathe, Redford ni yule mzungu mwenye ndege ndogo juu ya Ngong. Alikaa akingoja mapenzi. Mapenzi yakaja, na hapo ndipo balaa.

Kwa sababu kuna Kathy. Turner anahitaji mahali pa kujificha, anamshika mwanamke asiyemjua, ameigiza Faye Dunaway, na kwa bunduki anamlazimisha ampeleke nyumbani kwake. Anamfunga kamba. Anamziba mdomo. Na kabla siku mbili kuisha, wako kitandani pamoja, muziki laini ukicheza.

Kwa keja yangu, dem mmoja aliinuka akawasha taa. "Huyu amemteka, na sasa tunafaa kufurahi?" Msee mmoja akajaribu kutetea, ati ilikuwa 1975, nyakati zilikuwa tofauti. Akajibiwa kwamba hata 1975 kamba ilikuwa kamba. Walibishana hadi jirani akagonga ukuta. Mwingine akasema Kathy alikuwa mpweke na alichagua mwenyewe, lakini alipoulizwa ni lini hasa huyo dada alipewa nafasi ya kuchagua, akanyamaza.

Mathe alisema neno moja tu, siku yake ilipofika: "Huyo msichana aliogopa. Mtu akiogopa anafanya anachoambiwa." Kisha akaenda kuangalia chapati.

Mimi niko upande wa aliyewasha taa. Napenda hii filamu sana na bado nasema hapo imekosea, na si suala la miaka. Kinachonikera zaidi ni kwamba ilikuwa na kitu kizuri mkononi. Kathy ni mpiga picha, na kwenye kuta zake kuna picha za viti vya bustani visivyo na mtu, miti isiyo na majani. Turner anaziangalia na anamsoma, maana kusoma ndiyo kazi yake. Hapo pangetosha. Watu wawili wenye hofu ndani ya chumba kimoja, mmoja ana bunduki, na yule asiye na bunduki ndiye anayeonekana. Badala yake wakaweka kitanda. Na ujue baadaye Kathy anaonyesha akili kuliko majasusi wengi humo: anaingia hadi ofisi ya CIA akijifanya anatafuta kazi. Mtu wa aina hiyo hakuhitaji kufanywa zawadi ya shujaa.

Sasa nifike pale ambapo hakuna aliyebishana.

Max von Sydow anaigiza Joubert, muuaji wa kukodiwa. Mzee mpole, koti safi, hana hasira na mtu. Kuna sehemu yeye na Turner wamo ndani ya lifti moja, kimya, na ninaitaja tu ili usiende chooni wakati huo. Karibu na mwisho, waliomlipa wamebadilisha mkataba na Turner si windo lake tena. Kwa hivyo anampa ushauri, kama mjomba. Ondoka nchini, anamwambia. Kisha anamweleza itakavyokuwa akibaki: siku nzuri, yuko anatembea, gari linapunguza mwendo karibu naye, mlango unafunguka, na anashuka mtu anayemjua, pengine anayemwamini, anatabasamu na kumpa lifti.

Keja ilinyamaza. Hata aliyekuwa kwa simu aliinua kichwa. Sisi sote tulikuwa Nairobi 2024. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu visa 82 vya watu kutekwa kati ya Juni na Desemba mwaka huo. Mmoja wa waliokaa kwenye mkeka wangu, kakake alichukuliwa kando ya barabara na wanaume waliofunika nyuso, akarudi baada ya siku nne, na hadi leo haongelei. Tulimsikia akisema polepole, macho yakiwa kwa ukuta, "Hao wetu hawakutabasamu."

Hakuna aliyesema tena kwamba filamu ni ya kitambo.

Mwisho wenyewe umegawanya kila kundi. Turner anakutana na Higgins, bosi wa CIA, barabarani, watu wakiimba nyimbo za Krismasi. Higgins anadhani amemweza. Turner anamwonyesha walipo: nje ya jengo la New York Times. Ameshawapa stori yote. Higgins anamuuliza, una hakika gani kwamba wataichapisha? Turner anasema watachapisha, lakini uso wake hauna hakika hiyo, na picha inaganda hapo. Basi. Majina yanapita.

Wengi walikasirika. "Ati imeisha?" Wengine walitaka ile raha ya Captain America: The Winter Soldier ya 2014, ambapo Redford yuko tena ila mara hii ni yeye bosi aliyeoza, na siri zote zinamwagwa mtandaoni na ofisi inabomoka. Mimi naona hilo la 2014 ndilo ndoto. Ninaishi kwa kupost, najua ukimwaga kitu saa nne asubuhi, saa nane watu washahamia ngoma mpya. Lakini pia niliona Juni 2024 posti zikijaza barabara watu. Kwa hivyo ule uso wa Redford uliogandishwa naujua. Ni uso wa mtu ambaye ameshabonyeza tuma.

Cuzo wangu, stima iliporudi tukamaliza, alifikiria sana. Halafu akasema walichapisha, bila shaka walichapisha. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya tangazo la ploti.