Barua Iliyowahi

Babu yangu alikuwa winga wa kulia. Ukoo mzima kule Chemba unalijua hilo, maana haupiti msiba wala harusi bila yeye kulitaja. Ambalo sikulijua hadi likizo iliyopita ni kwamba msimu wake mkubwa aliucheza nusu tu.

Mwaka 1977 alikuwa na miaka 22, sawa na mimi leo, akisomea ualimu katika chuo kimoja cha Kanda ya Kati. Azimio la Musoma la 1974 lilishaagiza kwamba kufikia Novemba 1977 kila mtoto apate elimu ya msingi, kwa hiyo walimu walikuwa wakisubiriwa kama mvua. Chuo kilijaa, na timu ikajaa: watu thelathini wanagombea jezi kumi na moja, njumu pea saba. Mabeki walipewa kwanza, mawinga mtajua wenyewe. Babu anasema kucheza peku ndiko kulikompa kasi. Mimi nahisi alikuwa anakimbia asikanyagwe.

Walisafiri kwa lori, juu ya magunia, wanafika uwanjani weupe kwa vumbi. Mechi sita hawakufungwa. Baada ya ile ya sita, jamaa wa klabu moja ya Dodoma mjini akamfuata, akamwambia aje mazoezini wamwone vizuri. Wiki hiyohiyo barua za vituo zikafika chuoni. Babu kapangiwa shule ya msingi huku kwetu, enzi hizo Chemba ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kondoa. Siku tatu, aripoti. Mechi nne zilizobaki alizisoma kwenye barua ya golikipa wao: wameshinda moja, sare moja, mbili wamepigwa.

Agosti 1979 alikuwa kijijini, betri za redio ameanika juani tangu asubuhi, Taifa Stars wakicheza na Zambia kule Ndola. Peter Tino akasawazisha, ikawa 1–1, Stars wakafuzu fainali za Afrika za 1980 kule Lagos, Leodegar Tenga akiwa nahodha. (Mpaka turudi tena fainali hizo ilikuwa 2019. Tusiongee sana.) Kesho yake kila mtoto pale kijijini alikuwa Tino. Babu akawasukia mpira wa matambara, akawa kocha hadi anastaafu.

Nikamuuliza, "Babu, hukutamani ile barua ichelewe?"

"Nilitamani sana, mjukuu wangu. Niliomba hata basi liharibike." Akacheka, kisha akaniuliza, "Na ya kwako inakuja lini?"

Hapo ndipo nilipopata kazi. Nilimweleza kwamba siku hizi barua haikufuati chuoni. Unamaliza, unaomba kwenye mfumo, unaitwa kwenye usaili kama una bahati, unasubiri. Dada yangu ana digrii ya ualimu na huu ni mwaka wa tatu anajitolea, analipwa kinachopatikana kwenye michango ya wazazi. Babu siku zote alidhani ameajiriwa, na dada mwenyewe hakuwa na moyo wa kumsahihisha.

Mzee alinyamaza kidogo. "Kwani watoto wameisha?"

"Wapo, Babu. Darasa lake lina themanini na moja."

Sisemi enzi zao zilikuwa bora. Vita vya Kagera vilikuja, sabuni ikawa ya foleni, na njumu zilibaki saba. Ila kinachoniuma ni hiki: yeye alikosa mpira kwa sababu nchi ilimtaka haraka mno. Sisi hapa tuna uwanja, tuna jezi za kila mwaka wa masomo, bumu likitoka hata njumu tunanunua, na hakuna anayetukatiza msimu.

Dada ameitwa kwenye usaili mwezi ujao, Dodoma mjini. Babu kamtumia elfu ishirini ya nauli, na akamsisitiza asiende na ndala.