Mpiga Tarumbeta Aliyekataa Kuficha Ufundi Wake

Wapo mafundi ambao kijana akiwaomba wamwonyeshe namna ya kutengeneza mguu wa kiti, watamtuma akateke maji, na atakaporudi ataukuta mguu umekwisha kutengenezwa. Desturi hiyo si ya maseremala wa huku peke yao. Katika mji wa St. Louis huko Marekani, kando ya mto Mississippi, mvulana mweusi aliyeitwa Clark Terry alikutana nayo miongoni mwa wapigaji wa muziki wa jazi, na jambo hilo liligeuza maisha yake yote.

Terry alizaliwa tarehe 14 Desemba 1920, mtoto wa saba kati ya watoto 11. Alipokuwa na umri wa miaka kama 10 alisikia muziki wa bendi ya Duke Ellington, na tangu siku hiyo hakutamani kitu kingine ila tarumbeta. Nyumbani fedha za kununulia kitu kama hicho hazikuwapo. Basi akaenda jaani, akaokota mpira wa kumwagilia bustani, akaukunja duara. Upande mmoja akachomeka faneli iwe mdomo wa tarumbeta, na upande wa pili kipande cha bomba la risasi apate mahali pa kupulizia. Msomaji aweza kufikiri mwenyewe sauti iliyotoka. Majirani walivumilia kwa muda, kisha wakachanga dola 12 na senti 50, wakamnunulia tarumbeta kuukuu katika duka la rehani. Bila shaka huruma ilikuwamo katika mchango ule, na hamu ya usingizi pia.

Sasa alihitaji mtu wa kumwelekeza. Akamwendea mpigaji mmoja mzee, akamwuliza kwa adabu afanyeje ili sauti zake za chini ziwe nzuri zaidi. Mzee akamjibu kwamba yampasa kukaa mbele ya kioo, auchezeshe sikio la kushoto, na akaze meno. Kijana akarudi nyumbani, akafanya hivyo hivyo kama alivyoagizwa, kwa bidii.

Si haki kuwalaumu upesi wazee wa namna hiyo. Siku hizo milango mingi ilikuwa imefungwa mbele ya mtu mweusi wa Marekani, na nafasi katika bendi zilikuwa chache. Kijana unayemfundisha leo aweza kukikalia kiti chako kesho, nawe una watoto wa kulisha. Lakini Terry aliposimulia kisa hicho katika uzee wake, alisema kwamba alipotambua amedanganywa, aliazimu kuwa lo lote atakalolijua atampa kila amwombaye.

Azimio hilo halikutimizwa kwa siku moja. Wakati mmoja huko Carbondale, katika jimbo la Illinois, mvulana wa shule alimjia na maswali juu ya tarumbeta. Terry alikuwa akitazama wasichana wakicheza, akamfukuza. Baadaye, huko St. Louis, alisikia tarumbeta likipigwa kwa ustadi ndani ya klabu, akapanda ngazi mbio aone ni nani. Kijana aliyemkuta akamkumbusha: ni mimi yule uliyenifukuza. Huyo alikuwa Miles Davis, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima. Wakawa marafiki, na tangu hapo haikusikika tena kwamba Terry amemfukuza mwanafunzi.

Vita vya pili vilipokuwa vikiendelea, Terry alipiga katika bendi ya wanamaji karibu na Chicago. Alikuwa na Count Basie tangu 1948 mpaka 1951, kisha na Ellington mwenyewe mpaka 1959. Alizoea kusema kwamba bendi ya Basie ilikuwa shule ya matayarisho, na ya Ellington chuo kikuu. Mwaka 1960 shirika la utangazaji la NBC lilimwajiri, naye akawa mwanamuziki mweusi wa kwanza kuandikwa katika bendi yake ya kudumu. Kiti kile kilikuwa na macho mengi juu yake, kwa maana angalikosea, wangalisema weusi wote hawafai.

Siku za Basie, bendi ilipofika Seattle, mvulana mmoja alimwomba masomo. Terry alikuwa akipiga mpaka usiku wa manane, na mvulana yampasa awe shuleni asubuhi. Basi saa ya kufundishana ilikuwa alfajiri, kabla ya shule, mwalimu akiwa hajapata usingizi wa kutosha. Mvulana huyo alikuwa Quincy Jones. Mwaka 1959 Terry alipomwacha Ellington, alivuka bahari kwenda Ulaya kupiga katika bendi iliyoongozwa na mwanafunzi wake huyo huyo.

Namna yake ya kufundisha haikuwa na fumbo. Mwanafunzi aimbe kwanza kwa silabi, ulimi ukizoea, ndipo apulize. Aige waliomtangulia, ayafanye waliyoyafanya yawe yake, kisha abuni.

Uzeeni, katika mji wa Pine Bluff, jimbo la Arkansas, ugonjwa wa kisukari ulimpunguzia kuona, ukamnyima miguu yote miwili. Hata hivyo masomo hayakukoma. Mpiga piano kijana, Justin Kauflin, aliyepofuka tangu utotoni, alikuwa akikaa kando ya kitanda chake mpaka saa za usiku mkubwa. Mzee aliimba, kijana akarudia, mzee akasahihisha. Sinema iliyotolewa mwaka 2014 ilionyesha mambo hayo. Mwaka 2011 kijana alishindana katika mashindano makubwa ya piano asifike fainali, akarudi na moyo mzito. Ikatokea kwamba Quincy Jones alikuja kumwangalia mwalimu wake wa Seattle, akamsikia kipofu akipiga piano, akamchukua katika safari zake za muziki.

Desemba 2014, siku ya Terry ya kutimiza miaka 94 ilipokaribia, Wynton Marsalis aliileta bendi yake mpaka hospitali ya Pine Bluff, wakampigia muziki mle mle, naye akisikiliza kitandani. Alikufa tarehe 21 Februari 2015.